Vipimo safi, tumbo bado linauma

Dada wa Kizota, umeandika kwamba tumbo linakuuma na vipimo havikuonyesha kitu, ukaulizia dawa ya linaklotaidi. Kuambiwa "huna kitu" huku umejikunja kwa maumivu kunaudhi. Huigizi. Neva za utumbo wako zimekuwa na hisia kali mno: gesi kidogo tu, wewe unasikia kisu. Hiyo linaklotaidi ni peptidi, yaani mnyororo mfupi wa amino asidi 14 (vijenzi vya protini), iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa wenye tumbo la hivyo linaloambatana na kufunga choo. Huvuta maji utumboni na kutuliza neva hizo. Lakini wewe umesema unaharisha! Itakumaliza. Na vichupa vya peptidi vya mtandaoni usiguse kabisa. Jaribu wiki mbili bila maharage na vitunguu, maana huleta gesi. Ugali wa mtama sina ugomvi nao. Ukiona damu chooni au unakonda, rudi hospitali siku hiyohiyo.