Mwaka mpya huisha kazi yake ikiisha

Mhariri, katika toleo lililopita mliuliza sherehe za mwaka mpya huchukua siku ngapi kwa watu mbalimbali, na kwa nini sisi huzimaliza usiku mmoja. Mimi ni mkazi wa Moshi, na sehemu ya pili ya swali imenishangaza kidogo, kwa sababu huku kwetu tarehe 1 Januari haifungui sherehe bali huifunga. Wachaga huanza kurudi nyumbani kabla ya Krismasi, na wiki inayofuata ndiyo yenye mambo: mbuzi huchinjwa, kisusio, yaani supu ya mbuzi yenye damu, hupikwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, huzungushwa, na ndugu waliogombania mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, huketishwa mbele ya wazee, pengine mmoja akimkabidhi mwenzake jani la isale kuomba radhi. Ikifika tarehe 2, stendi imejaa mikungu ya ndizi na watu wanaoagana.

Ndiyo maana naona kwamba urefu wa sherehe hutegemea kazi ambayo watu wameipa, wala si wingi wa furaha yao. Wairani, ambao mwaka wao, Nowruz, huingia mwezi Machi siku mchana na usiku vinapolingana, huhitaji siku 13 kwa sababu ya kutembeleana: wadogo hutangulia kwenda kuwaamkia wakubwa, kisha wakubwa nao hurudisha ziara, na kwa ukoo mpana hilo si jambo la siku mbili. Siku ya 13 watu hutoka majumbani kwenda kukaa penye majani na miti, na miche ya ngano waliyoiotesha kwenye sahani hutupwa katika maji yanayotiririka. Wachina hufika siku ya 15, kwenye sikukuu ya taa, na msimu wao wa safari huhesabiwa siku 40. Aliyewahi kutafuta tiketi ya kutoka Dar es Salaam kuja Moshi tarehe 23 Desemba hahitaji maelezo zaidi.

Mfano nilioushuhudia mwenyewe ni wa Wahindu wa Kigujarati. Nilipokuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, mwenye duka alifunga hesabu wakati wa sikukuu yao ya Diwali. Jioni hiyo daftari jipya lenye jalada jekundu liliwekwa mbele ya picha ya Lakshmi, mungu wao wa kike wa utajiri, likatiwa alama kwa unga mwekundu, na ukurasa wa kwanza ukaandikwa kabla hata msumari mmoja haujauzwa. Mwaka wao huingia mara baada ya Diwali, lakini biashara ilifunguliwa rasmi siku ya tano, na sisi wafanyakazi hatukuwa na malalamiko.

Makunduchi, Unguja, kazi ya Mwaka Kogwa, sherehe yao ya mwaka mpya, ni kuondoa kinyongo, na ndiyo maana mwezi Julai wanaume hucharazana kwa migomba hadharani, kibanda cha makuti kikachomwa moto, kisha sherehe zikaendelea kwa siku kadhaa. Jina lake la kale, Nairuzi, ni lile lile la Wairani.

Januari iliyopita kaka yangu alikuwa amekata tiketi ya tarehe 2, lakini kesi ya mpaka ilikuwa haijaisha, na baba mdogo akamwambia akae. Aliondoka tarehe 5, nauli ya kwanza ikiwa imekwenda na maji.