Wasomaji Wauliza: Kamandi ya Jeshi la Anga ni Kitu Gani Hasa?

SWALI: Ndugu Mhariri, hapa kwetu Tanzania tumezoea kusikia "Kamandi ya Jeshi la Anga", yaani jeshi zima la anga ni kamandi moja ndani ya JWTZ, sambamba na ile ya Nchi Kavu na ile ya Wanamaji. Juzi nimesoma kwamba Jeshi la Anga la India lina kamandi saba. Je, India ina majeshi saba ya anga? Na kamandi inatofautianaje na kambi ya ndege? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, India ina jeshi moja tu la anga, lililoanzishwa tarehe 8 Oktoba 1932, na mkuu wake ni mmoja, mwenye makao yake New Delhi. Kinachokanganya ni neno lenyewe. "Kamandi" haitaji ukubwa wa kitu, bali inataja mamlaka: eneo au kazi ambayo ofisa mmoja amekabidhiwa aiamrishe na aiwajibikie. Tanzania hulitumia neno hilo katika ngazi ya juu, chini tu ya Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi. India imelishusha ngazi moja, likawa jina la mgawanyo wa ndani ya jeshi la anga lenyewe. Hakuna aliyekosea.

Kati ya kamandi hizo saba, tano ni za mapigano nazo zimegawanywa kwa ramani. Ya Magharibi iko New Delhi, ya Kusini-Magharibi iko Gandhinagar, ya Kati iko Prayagraj, mji ambao wengi bado wanaujua kwa jina la Allahabad, ya Mashariki iko Shillong, na ya Kusini iko Thiruvananthapuram. Mbili zilizobaki hazifuati ramani bali kazi: Kamandi ya Mafunzo iliyoko Bengaluru na Kamandi ya Matengenezo iliyoko Nagpur. Hizi mbili zina mkono katika maeneo ya wenzao. Karakana kubwa ya helikopta, kwa mfano, iko Chandigarh, mji ulio ndani ya eneo la Kamandi ya Magharibi, lakini mafundi wake wanaamriwa kutoka Nagpur. Sababu ni kwamba ndege inayohitaji kufumuliwa na kuundwa upya haijali imetoka upande gani wa nchi, na kujenga karakana ya namna hiyo katika kila kamandi kungekuwa kutupa fedha.

Kwa nini ramani itumike kugawa kamandi za mapigano? Jibu liko kwenye mipaka. India inapakana na Pakistan upande wa magharibi na China upande wa kaskazini na mashariki, na vita vya upande mmoja havifanani na vya upande mwingine. Mwaka 1962, India ilipopigana na China, ndege zake za kivita hazikutumwa kushambulia. Kazi kubwa ilibebwa na ndege za uchukuzi zilizopeleka askari na chakula milimani. Makao ya Kamandi ya Mashariki yalikuwa Kolkata wakati huo, na mwaka uliofuata yalihamishiwa Shillong, karibu zaidi na milima yenyewe. Kamandi ya Kusini ni changa, kwani iliundwa mwaka 1984, na kwa muda mrefu ilionekana kama ya pembeni, mpaka tarehe 20 Januari 2020 kikosi cha ndege za Sukhoi-30 kilipozinduliwa Thanjavur ili kuilinda Bahari ya Hindi, bahari hiyohiyo tunayoiona kutoka Tanga na Lamu.

Sasa kambi. Kambi ni mahali: njia ya kurukia, mahanga, maghala ya mafuta na silaha, rada, zahanati, nyumba za askari na shule ya watoto wao. Kikosi ni watu na ndege zao, kwa kawaida ndege kama 18 kwa kikosi cha ndege za kivita. Kambi haihami, kikosi huweza kuhama leo jioni. Amri hushuka kutoka Delhi hadi kamandi, kutoka kamandi hadi kambi, ambayo mkuu wake huwa na cheo kilicho sawa na brigedia au kanali, kisha hadi kikosi. Kati ya kamandi na kikosi kuna ngazi ambayo Waingereza waliiita "bawa", na Wahindi wakairithi. Kambi ya Ambala, kwa mfano, ndiyo makao ya Bawa la 7. Jina hilo linachekesha kidogo, kwa kuwa ndege yenye bawa moja hairuki, lakini limedumu.

Tofauti ya kambi na kikosi huonekana wazi India iliponunua ndege 36 za Rafale kutoka Ufaransa. Hazikurundikwa mahali pamoja. Kikosi namba 17 kilipewa Ambala, chini ya Kamandi ya Magharibi, na Kikosi namba 101 kikapewa Hasimara, chini ya Kamandi ya Mashariki. Aina ni moja, lakini makamanda ni wawili, kwa sababu kila mmoja ana mpaka wake wa kuutazama.

Ziko pia kambi ambazo hazina ndege nyingi za kudumu, na msomaji anaweza kudhani zimetelekezwa. Uwanja wa Leh, kaskazini kabisa mwa India, uko zaidi ya mita 3,200 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi kiasi kwamba injini hupoteza nguvu na ndege ya kivita hulazimika kupunguza mafuta au mabomu ili iweze kupaa. Ndiyo maana vikosi vingi vya kivita vya kaskazini hulala tambarare, kule Ambala, Adampur na Halwara, na hupanda kwenda viwanja vya mbele pale tu inapohitajika. Uwanja wa Daulat Beg Oldie, karibu na mpaka wa China, uko juu zaidi, kwenye mita zipatazo 5,000, na ndege kubwa ya uchukuzi aina ya C-130J ilipotua huko mwezi Agosti 2013, India ilitaka China ione kwamba hata pale inaweza kufikisha askari.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kila kamanda anazifungia ndege zake uani. Tarehe 26 Februari 2019, India iliposhambulia Balakot, ndani ya Pakistan, ndege zilizotumika zilikuwa Mirage 2000, ambazo makazi yake ni Gwalior, katika eneo la Kamandi ya Kati, ilhali mpaka uliovukwa ni wa Kamandi ya Magharibi. Kwa maoni yangu mfano huu unaeleza mfumo mzima kuliko mchoro wowote wa ngazi za uongozi: ndege hulala kwa mmoja na kupigana kwa mwingine, na makao makuu ndiyo yanayoamua nani amwazime nani. Kuazimana huko kumekuwa jambo la lazima zaidi, maana idadi iliyoidhinishwa ni vikosi 42 vya kivita, lakini ndege za kivita za mwisho aina ya MiG-21 zilipostaafishwa Septemba 2025 vilibaki 29.

Nchi nyingine hugawa kwa kazi kuliko kwa ramani. Uingereza mwaka 1936 iliunda kamandi nne: ya ndege za mabomu, ya ndege za kivita, ya pwani na ya mafunzo. Leo imezikusanya zote katika kamandi moja, yenye makao High Wycombe tangu mwaka 2007. Marekani huchanganya: ina kamandi ya mapigano na ya uchukuzi, lakini pia ina moja ya Pasifiki iliyoko Hawaii, na nyingine iliyoko Ramstein, Ujerumani, inayoshughulikia Ulaya pamoja na Afrika.

SWALI: Mimi naishi Nanyuki, na ndege za kivita za Laikipia hupita juu ya paa langu. Je, Laikipia ni kamandi? Na kama sivyo, mbona Kenya haina kamandi kama za India? (Msomaji, Nanyuki)

JIBU: Laikipia ni kambi. Jeshi la Anga la Kenya, lililoanzishwa tarehe 1 Juni 1964, lina kamanda mmoja mwenye cheo cha meja jenerali, na makao yake yako Eastleigh, Nairobi, katika kambi iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza na baadaye ikapewa jina la Moi. Chini yake kuna Laikipia, ambako ndege za kivita za F-5 zimekaa kwa miaka mingi, na vituo vya mbele vya Mombasa na Wajir. Kwa idadi ndogo ya ndege namna hii, kuweka kamandi katikati kungekuwa kuongeza ofisi ya kupokea barua na kuituma mbele. Kamanda wa Eastleigh anaweza kumpigia simu mkuu wa Laikipia moja kwa moja, na ndege zikapaa.

Mpangilio huu uliwahi kuvunjwa mara moja. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, lililoongozwa na askari wa jeshi hilohilo, Serikali ililivunja na kuunda lingine kwa jina la Jeshi la Anga la 82, likawekwa chini ya Jeshi la Nchi Kavu. Ndege zilibaki zilezile na kambi zilezile. Kilichobadilika ni mtu wa kumpigia saluti, na hali hiyo iliendelea hadi mwaka 1994, lilipopata tena jina lake na kamanda wake mwenyewe.