"Fundi, ruta inanikimbia": maswali yenu kuhusu ruta ya mkono

Siku hizi ruta ndogo za mkono, mashine za umeme zinazozungusha biti (kisu chenye meno) ili kuchonga kingo na mifereji ya mbao, zinauzwa karibu kila duka la vifaa vya ujenzi, na maswali yake yananifikia mengi kuliko ya randa na msumeno. Nimechagua yanayojirudia. Ninayoyasema hapa ni ya ruta inayoshikwa mkononi, siyo ile iliyogeuzwa na kufungwa chini ya meza, isipokuwa pale nitakapotaja.

Shikamoo fundi. Nilikuwa napiga urembo kwenye ukingo wa meza ya mninga, ghafla ruta ikaruka mbele na kuuma mbao. Jirani ananiambia mota ni mbovu, niirudishe dukani. (Kijana wa Keko, Dar es Salaam)

Marahaba. Usiirudishe, mota haina ubaya. Uliisukuma kinyume.

Ukiitazama ruta kutoka juu, biti inazunguka kama mishale ya saa. Simama mbele ya meza, ukingo unaotaka kuupiga ukiwa upande wako. Ukiipeleka ruta kutoka kushoto kwenda kulia, meno ya biti yanakutana na mbao inayoyapinga, nawe unasikia uzito kidogo mkononi. Uzito huo ndio unaoutaka, kwa sababu unakuonyesha kwamba anayesukuma ni wewe. Ukiipeleka kutoka kulia kwenda kushoto, meno yanashika mbao kama tairi linavyoshika lami, na ruta inajivuta yenyewe kuelekea huko huko unakoipeleka. Hapo ndipo inapokukimbia. Ukiwa na biti ndogo utaharibu ukingo tu. Ukiwa na biti kubwa, inaweza kukutoka mikononi kabisa.

Kwa hiyo ukingo wa nje wa meza uuzunguke kinyume cha saa. Tundu la ndani, kama fremu ya kioo au nafasi ya sinki, lizunguke kwa mwendo wa saa. Ukichanganyikiwa (na kila mtu huchanganyikiwa akihamia upande wa pili wa meza), tumia mkono wa kulia. Laza kiganja kikiangalia chini, kidole gumba kielekee kwenye mbao, kidole cha shahada kikinyooshwa kitakuonyesha njia. Mimi huchora mshale wa chaki juu ya mbao kabla ya kuwasha. Mafundi wenzangu wananicheka, wacha wacheke.

Anza na vichwa vya mbao, kule nyuzi zinakokatwa kwa kukingama, ndipo umalizie mbavu. Kona ikibanduka mwishoni mwa kichwa, itaondoka utakapopita ubavuni.

Na mfereji wa katikati ya ubao? Hapo mbao iko pande zote mbili za biti, lakini ruta bado ina upande inaoupenda: ukiisukuma kwenda mbele yako, inavuta kushoto. Basi ubao mnyoofu wa kuongozea, uliobanwa kwa klampu, uwe kushoto kwa ruta ili ruta iuegemee. Ukiuweka kulia, ruta itauacha na mfereji utatoka kama njia ya nyoka. Gaidi, yaani reli ya kuongozea inayofungwa kwenye ruta yenyewe, ni kinyume chake: iache itembee kwenye ukingo wa kulia, ile nguvu ya kuvuta kushoto itaibana pale pale.

Nafunga biti mpaka spana inalia, lakini mfereji unaanza na kina cha milimita 5 na mwisho wa ubao nakuta 9. Nifunge kwa bomba la kuongezea nguvu? (Fundi, Kisumu)

Weka bomba chini, fundi, kisha pima shina la biti, ile sehemu inayoingia kwenye ruta.

Madukani kwetu kuna mashina ya milimita 6, ya robo inchi ambayo ni milimita 6.35, ya 8, ya 12, na ya nusu inchi ambayo ni 12.7. Shina la 6 na la robo inchi huwezi kuyatofautisha kwa macho, na muuzaji mwenye haraka hatakutofautishia. Koleti (kile kishikio chenye mipasuko kinacholibana shina) ya robo inchi ikifungwa juu ya shina la 6 haikumbati shina lote, inaligusa sehemu chache tu. Mkononi unahisi imekaza. Ikifika mizunguko 20,000 kwa dakika na kuanza kula mbao, biti inateleza taratibu kwenda chini, na hiyo ndiyo milimita 4 yako iliyozidi. Una bahati ilishuka polepole. Hadithi ni hiyo hiyo kwa shina la 12 ndani ya koleti ya nusu inchi, ila hapo kinachochomoka ni kikubwa zaidi.

Pima kwa venia (kipimio cha unene), koleti na shina viwe vya kipimo kimoja. Usijaze nafasi kwa karatasi wala kwa kipande cha kopo la soda. Nimeona yote mawili karakana za watu.

Kama vipimo vinalingana na bado inateleza, angalia mambo mengine. Shina likiingizwa mpaka likagonga chini, koleti haipati nafasi ya kushuka na kubana sawasawa. Ingiza mpaka mwisho, kisha livute juu milimita 2 hivi. Robo tatu ya shina angalau iwe ndani. Usilitoe nje ili upate kina zaidi, nunua biti ndefu. Ile sehemu ya juu ambapo shina linaanza kunenepa kuelekea kwenye meno isiguswe na koleti. Mipasuko ya koleti hujaa vumbi na utomvu, safisha kwa brashi. Shina lenye michubuko ya kuzunguka limeshawahi kuteleza, na litateleza tena. Koleti nayo huchakaa, hivyo ikilegea inunuliwe mpya. Usiikaze nati ikiwa koleti haina biti ndani, unaiminya ikapoteza umbo.

Na kazi yote hii ifanyike plagi ikiwa imechomolewa, imelala mezani mbele ya macho yako. Usitegemee neno la saidia fundi aliyetumwa kuichomoa.

Umeme ukikatika katikati ya kazi nifanye nini? Kwetu unakatika bila taarifa. (Morogoro)

Zima swichi. Chomoa plagi. Ndipo utoke nje kuuliza majirani kama na wao umekatika.

Sina mzaha. Ruta nyingi za bei nafuu, swichi inabaki pale ulipoiacha. Mtu analaza ruta ubavu juu ya meza, anakwenda kunywa chai, umeme unarudi na biti inaanza kuzunguka bila mwenyewe. Itatembea juu ya meza ikitafuta kitu cha kukata, na mara nyingi cha kwanza kukutana nacho ni waya wake wenyewe. Zipo ruta ambazo umeme ukirudi haziwaki mpaka uzime na kuwasha upya. Ukipata uwezo nunua hiyo.

Kuhusu waya wa kuongezea: ruta kubwa ya wati 1,850 inavuta kama ampea 8 kwenye umeme wa volti 230. Tumia waya wa milimita za mraba 1.5 au zaidi, na uufungue wote. Waya ulioviringwa kwenye kibiringo unajipasha moto wenyewe.

Nikate kina gani kwa mara moja? Nikiharakisha mbao inachanika, nikienda polepole inaungua na kutoa moshi. (Nakuru)

Kwa biti yenye shina la robo inchi usizidi milimita 3 kwa mpito mmoja, hasa kwenye mninga, mkongo na mbao nyingine ngumu. Mfereji wa milimita 12 ni mipito minne. Ndiyo, inachosha. Ila biti nyembamba ikilazimishwa inapinda, inapiga kelele, na siku moja inakatika shingoni.

Moshi husababishwa na ama mwendo wa pole mno, ama biti butu, ama utomvu uliogandia kwenye meno. Loweka biti kwenye maji ya moto yenye sabuni, isugue kwa brashi ya shaba, ikaushe vizuri. Ikirudi kuunguza, makali yamekwisha. Biti za chuma cha kawaida hazidumu kwenye MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi) wala plaiwudi, gundi inazimaliza. Za kabaidi, zenye meno magumu kuliko chuma, ndizo za kazi hiyo.

Sikiliza sauti. Mota ikianza kunguruma kwa chini unasukuma kuliko inavyokata. Ukijikuta unapambana na ruta kwa nguvu za mabega, isimamishe, maana kuna kitu kilikosewa kabla hujaiwasha: kina, makali, koleti au mwelekeo.

Biti kubwa ya kupigia paneli za milango inaweza kufungwa kwenye ruta ya mkono? (Fundi milango, Mwanza)

Hapana. Hesabu yake ni hii. Biti ya kipenyo cha milimita 12 kwa mizunguko 24,000, ncha ya jino inakwenda kama kilomita 54 kwa saa. Biti ya milimita 50 kwa mzunguko huo huo, ncha inakwenda kilomita 226 kwa saa. Hiyo ya paneli ni kubwa zaidi ya 50. Iweke kwenye ruta ya nguvu, iliyofungwa mezani, koleti ya nusu inchi, mizunguko ipunguzwe mpaka 12,000 au chini ya hapo, na uikate kwa mipito kadhaa. Biti nzuri huandikwa kwenye shina mzunguko wa juu unaoruhusiwa. Ruta ndogo ambazo hazina kirekebisha mwendo, nyingine zinafika 30,000, usizifungie kitu kama hicho hata kwa majaribio. Mezani, kumbuka, mbao unaisukuma kutoka kulia kwenda kushoto, kwa kuwa ruta imegeuzwa miguu juu.

Naweza kufunga biti ya drili kwenye ruta nitoboe matundu haraka? (Thika)

Hapana. Haikuundwa kwa mzunguko ule. Itapinda na kuruka. Na biti ya ruta kwenye drili pia haifai: drili haina mwendo wa kutosha, na chaki yake (mdomo unaoshika biti) haikutengenezwa kusukumwa ubavuni.

Fundi, mimi ni mwanamke, najifunza useremala. Naambiwa nivae glovu kwa ajili ya vibanzi, na je, mtandio? (Dada wa Arusha)

Karibu kazini, dada. Glovu vua ukiwasha ruta. Kitambaa kikinaswa na biti kinauvuta mkono mzima. Kinachokulinda ni mikono yote miwili kuwa kwenye vishikio na kubaki hapo mpaka biti isimame kabisa. Mtandio hauna shida ukiubana vizuri na ncha zake kuzichomekea ndani ya nguo. Hali kadhalika mikono mirefu, mkufu na bangili. Wanaume wenye mikufu pia nawaona. Miwani ya kukinga macho ni lazima, na vya kuziba masikio pia. Kelele ya ruta inapita desibeli 85, kiwango ambacho mtu hashauriwi kukaa nacho saa nane za kazi bila kinga.

Vibao vya kukatia mboga ni vidogo. Ruta inayumba na kulalia upande mmoja. (Tanga)

Piga urembo ubao ukiwa bado mkubwa kadiri inavyowezekana, ndipo ukate vipande. Ikishindikana, bana kibao kwa klampu mbili. Kando yake, ukiacha nafasi ya biti kupita, weka kipande kingine chenye unene ule ule, ili kitako cha ruta kiwe na pa kukaa. Kinachoiyumbisha ni kwamba nusu ya kitako inaelea hewani, na mkono wako ulio upande wa nje unaikandamiza ianguke. Kandamiza kwa mkono ulio juu ya mbao, wa nje uongoze tu. Klampu zikiwa njiani, zima, ngoja isimame, hamisha klampu, endelea. Kumshikisha saidia fundi kibao kwa vidole badala ya klampu sikubali hata kidogo.

Nikipiga ruta kwenye mvule napiga chafya siku nzima na ngozi inawasha. Na juzi biti mpya ilimeguka jino. (Mombasa)

Vumbi la mvule lina sifa hiyo, linawasha ngozi na kubana kifua, na kuna watu linawaletea pumu. La mninga nalo linasumbua pua. Ruta inatoa vumbi laini sana linaloelea, tofauti na maranda ya randa. Tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na matundu yake. Leso usoni haitoshi. Nunua barakoa ya kuchuja vumbi inayobana pembeni, fanyia kazi penye upepo ukiwa umeupa mgongo, na kama ruta yako ina mdomo wa kuunganisha kivuta vumbi, utumie. Nawa kabla ya kula.

Jino lililomeguka huenda limegonga jiwe. Mvule huweka mawe meupe ya chokaa ndani ya mbao, hayaonekani mpaka ukate. Kabla ya kupiga ruta, randa uso na uupitie kwa macho penye mwanga. Ukiona sehemu imekuwa nyeusi kuliko mbao inayoizunguka, ichokonoe kwa patasi ya zamani usiyoionea huruma. Patasi ikisaga kama inagusa saruji, ondoa jiwe lote na uzibe shimo, au kata kipande hicho ukitumie penginepo.