Kurekodi masomo ya hula
Dada, umeuliza iwapo binti yako, aliyeanza kujifunza hula, ngoma ya jadi ya Hawaii, huko Honolulu, anaweza kurekodi somo kwa simu ili awafundishe wenzake. Asifanye hivyo bila idhini ya kumu, yaani mwalimu wake, kwa sababu katika halau, kama shule za hula zinavyoitwa, ngoma nyingi zimerithishwa kutoka kwa mwalimu hadi mwanafunzi, na kuzifundisha ni dhamana ambayo mtu hukabidhiwa, hajitwalii. Katika halau nyingi wanafunzi huvua viatu, wakasimama mlangoni wakighani ombi la kuingia, wala hawavuki kizingiti mpaka kumu awajibu kwa kughani. Ipu, kile kibuyu cha kupigia mdundo, kikiwa sakafuni hakirukwi. Binti yako akizunguke, hata akiwa amechelewa.