Usimwambie Mwanao "Sisi Si Kama Wao"

Nilizaliwa na kukulia Tanga, na kwa miaka 29 sikuwahi kujiita mtu mweusi. Nilikuwa Mdigo, Mwislamu, mtoto wa watu wa Ngamiani, na nikivuka mpaka nilikuwa Mtanzania. Weusi wangu ulianza Houston, Texas, siku nilipopewa fomu ya kazi iliyonitaka nitaje rangi yangu kabla hata ya kuulizwa ninajua kufanya nini. Ninaanza na hili kwa sababu wazazi wenzangu mnaolea ughaibuni mtalielewa: sisi tuliohama tukiwa watu wazima tunajifunza suala la rangi kwa wakati mmoja na watoto wetu, na mara nyingi wao ndio wanaotutangulia.

Binti yangu alipokuwa na miaka mitatu alisema kwamba baba yake ni chai ya rangi na yeye ni chai ya maziwa. Tulifurahi, wala hapakuwa na ubaya wowote, kwani katika umri ule mtoto huiona rangi kama anavyouona urefu au unene. Alipofikisha miaka mitano aliniuliza anywe maziwa kiasi gani ili afanane na mwalimu wake. Hapo rangi ilikuwa imekwisha kupewa cheo, na mimi sikuwa nimemfundisha neno hata moja kuhusu jambo hilo. Kenneth na Mamie Clark, wanasaikolojia weusi wa Marekani ambao walikuwa mume na mke, walilichunguza jambo hili tangu miaka ya 1940. Waliwapa watoto weusi wa miaka 3 hadi 7 wanasesere waliotofautiana kwa rangi tu, na wengi wa watoto hao wakampenda yule mweupe. Kazi yao ilitumika katika kesi iliyozaa hukumu ya mwaka 1954 ya kupiga marufuku ubaguzi wa rangi katika shule za umma.

Kwa hiyo mtoto wa miaka mitano akiuliza swali la namna hiyo, usimjibu kwamba watu wote ni sawa ukaishia hapo. Muulize amemwona nani, amesikia nini, na nani alimwambia. Chunguza pia maneno ya nyumbani kwako. Kila tulipopiga simu Tanga, shangazi yangu aliuliza kwanza kama mtoto bado ni maji ya kunde au amekuwa mweusi tii kwa jua la huko, na aliuliza kwa mapenzi kabisa. Sisi tunaotoka katika nchi ambayo wanawake wanajiunguza kwa mkorogo hatuwezi kudai kwamba cheo cha rangi tulikikuta Marekani.

Kosa langu kubwa nililifanya alipokuwa na miaka 14. Alirudi nyumbani akanieleza kwamba mlinzi wa duka alimfuata kutoka rafu hadi rafu, akamtaka afungue mkoba wake, huku wenzake wawili Wazungu alioingia nao wakiachwa waendelee na shughuli zao. Nilimjibu: "Hayo hayakuhusu, mwanangu. Wewe ni Mtanzania. Sisi si kama wao." Nilidhani ninampa ngao. Alinitazama, akasema, "Mama, hakuniuliza pasipoti," kisha akaingia chumbani kwake, na kwa miezi mingi hakunisimulia tena jambo lolote la shuleni.

Jibu langu lilimdhulumu mara mbili. Lilimwambia kwamba fedheha aliyoipata haikuwa yake, na papo hapo likamfundisha kuwadharau Wamarekani weusi, watu ambao mlinzi yule, walimu wake na nchi nzima walimhesabu kuwa mmoja wao, na ambao baadhi yao walikuwa rafiki zake wa karibu. Mtoto wa mhamiaji hubeba utambulisho zaidi ya mmoja. Ukimlazimisha auache mmoja ili akupendeze, atajifunza kukuficha.

Baada ya hapo alisuka rasta, akaacha kula chakula cha mchana na wale wenzake wa zamani, akawa anasoma historia ya watu weusi usiku na mchana. Niliogopa kwamba ninampoteza. Baadaye ndipo nilipokutana na maandishi ya mwanasaikolojia William Cross, ambaye tangu mwaka 1971 alieleza jinsi mtu mweusi anavyoweza kuishi bila kuifikiria sana rangi yake, kisha tukio likamgutusha, akazama kabisa katika weusi wake kwa muda, na mwishowe akatulia nao kiasi cha kuweza kukaa na watu wa kila aina bila kujipoteza. Kuzama kule nilikokuita uasi kulikuwa hatua ya safari. Laiti ningelijua mapema, nisingeligombana naye kuhusu nywele.

Nililofanya hatimaye ni kumfuata huko alikokuwa. Tulikwenda Galveston, mahali ambapo tarehe 19 Juni 1865 lilitolewa tangazo la kuwaacha huru watumwa wa Texas. Tulikwenda pia Emancipation Park hapa Houston, ekari 10 ambazo watu waliotoka utumwani walichangishana fedha kuzinunua mwaka 1872. Nilisimama pale nikakumbuka kwamba mwaka uliofuata, 1873, ndipo soko la watumwa la Unguja lilipofungwa. Nilimsimulia kuhusu Bagamoyo na misafara iliyotoka bara, habari ambazo sikuwahi kumweleza kwa sababu niliamini kwamba utumwa ni historia ya "wao".

Sasa ana miaka 22. Akijaza fomu huweka alama penye mtu mweusi bila kusita, na mama yake Mdigo hamwonei haya. Mdogo wake ana miaka tisa. Juzi aliniuliza kwa nini watoto wa shuleni kwake wanamwita Mwafrika ilhali wao pia ni weusi. Nilizima jiko, nikakaa naye mezani, nikamwomba anisimulie kwanza walivyosema.