Fundi Anajibu: Vifaranga Wanafia Ndani ya Ganda

*Hamjambo mafundi. Nimegeuza friji mbovu kuwa mashine ya kuangulia mayai: balbu mbili za wati 60, feni ya kompyuta, na themostati niliyoweka nyuzi 37.5. Kati ya mayai 40 yameanguliwa 9 tu. Niliyoyavunja yalikuwa na vifaranga waliokamilika, wamekufa. Kosa liko wapi? (Msomaji, Njoro)*

Kifaranga aliyekamilika hakuharibikiwa mwanzoni. Tunashuku hewa na unyevu.

Hewa ni kazi ya dakika kumi. Mpira wa mlango wa friji unabana kabisa, kwa hiyo joto halitoki na hewa haiingii, na siku tatu za mwisho ndipo kifaranga anahitaji hewa nyingi zaidi. Toboa matundu manne ya sentimita moja na nusu karibu na sakafu, na manne karibu na dari. Tafuta kwanza mabomba ya gesi yamepita wapi, mengine yamefichwa ndani ya ukuta.

Unyevu ndio mgumu. Njoro iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi na yai hupoteza maji haraka kuliko kule Kisumu. Kipimaunyevu cha bei rahisi hudanganya. Mizani ya jikoni ni bora: mayai 40 ya gramu 60 yana gramu 2,400 siku ya kwanza, na siku ya 18 yanapaswa kuwa yamepungua asilimia 12 hivi, yabaki karibu 2,110. (Ukitoa mayai viza, toa na uzito wao kwenye hesabu.) Yakishuka chini ya 2,000, utando umekauka na utamshika kifaranga asiweze kujigeuza. Yakizidi 2,200, nafasi ya hewa upande butu wa yai ni ndogo mno, naye hukosa pumzi kabla hajatoboa ganda.

Kuongeza unyevu si kujaza ndoo. Mvuke hutoka kwenye uso wa maji, kwa hiyo sinia pana yenye maji ya vidole viwili hushinda sufuria ndefu iliyojaa. Siku ya 18 acha kugeuza mayai, weka sinia ya pili, kisha usifungue mlango hadi waanguliwe. Ukichungulia mara moja tu, unyevu wote unatoka.

Hakikisha pia kihisi cha themostati kinaning'inia usawa wa mayai, mbali na balbu. Kukihakiki, weka kichupa cha maji kati ya mayai kwa saa tatu, kisha tumbukiza ndani yake kipimajoto cha homa cha dijitali. Kikisoma nyuzi 36.8 huku themostati ikionyesha 37.5, umepata kosa jingine.

*Balbu za waya zinaungua kila wiki, na za LED hazitoi joto la kutosha. Nifanyeje? (Msomaji, Kibuye, Kisumu)*

Nunua mbili za wati 100 zinazofanana, uziunge mfululizo: umeme upite ya kwanza ndipo ufike ya pili. Kila moja itapata nusu ya volti 240, itang'aa hafifu kwa rangi ya chungwa, na kudumu muda mrefu sana. Joto linabaki la kutosha kwa kisanduku cha mayai 40. Lakini moja ikikatika zote huzimika, kwa hiyo weka jozi mbili, kila jozi na waya wake. Sanduku likiwa la bati au friji, unganisha waya wa ardhi kwenye bati lenyewe, maana ndani mna maji na umeme pamoja.

*Stima ikipotea usiku, mayai yameisha? (Msomaji, Kakamega)*

La. Saa mbili tatu za baridi huchelewesha tu. Joto la kuzidi nyuzi 40 ndilo linaloua upesi. Usifungue mlango, ziba matundu nusu, funika mashine kwa blanketi. Ikiendelea zaidi ya hapo, ingiza jerikeni ya lita tano yenye maji ya moto, isiguse mayai, na uondoe blanketi mara stima inaporudi.