Maswali Yenu: Hilo Jiwe la Bluu Sio Safaya

Mwezi huu maswali ya mawe yamejaa, na karibu yote yanazunguka jiwe moja tu, benitoiti. Nimeyachambua nikabakiza manne, yale mengine yalikuwa yanauliza bei na mimi bei siijui kazi yake.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma jiolojia mwaka wa kwanza. Nimekutana na benitoiti, fomula wameandika BaTiSi3O9. Kitabu kimoja kinasema ni silikati ya duara, mwenzangu anabisha ni madini ya titani, mimi nikiangalia naona bariamu ndo imetangulia. Sasa liko kundi gani hasa?

JIBU: Marahaba. Kitabu kiko sawa, ila mwenzako usimcheke bado, nitamrudia. Kwenye silikati, yaani madini ya silikoni na oksijeni, hatuanzi kuuliza metali gani iko ndani, tunaanza na silikoni na oksijeni zimeshikanaje, basi. Kila silikoni inakaa katikati, oksijeni nne zinaizunguka kwenye pembe, unapata kipiramidi cha nyuso nne ambacho wenye fani wanakiita tetrahedra. Sasa hivi vipiramidi vina tabia zake, kuna madini ambayo kila kimoja kinakaa peke yake hakimgusi mwenziwe, kuna yanayokaa mawili mawili yamechangia oksijeni moja, kuna yanayofunga duara, kuna yanayoenda mnyororo, kuna yanayotandazwa kama shuka na kuna yanayojengana pande zote. Kadiri yanavyochangia ndivyo oksijeni inavyopungua kwenye fomula: wapweke ni silikoni 1 kwa oksijeni 4, mapacha ni 2 kwa 7, shuka ni 2 kwa 5, na wale wa kujengana pande zote ni 1 kwa 2.

Haya rudi kwa benitoiti yako. Silikoni 3, oksijeni 9, yaani 1 kwa 3. Hapo ndo wengi wanateleza kwenye mtihani, manake mnyororo wa kawaida nao ni 1 kwa 3! Kwenye duara kila kipiramidi kinachangia oksijeni mbili na majirani zake, kwenye mnyororo pia mbili, hesabu inatoka ile ile, kwa hiyo ukibaki na fomula tu mkononi huwezi kujua, lazima uchungulie ndani kwa eksirei. Aliyechungulia ni mtaalamu wa fuwele William Zachariasen mwaka 1930, akakuta vipiramidi vitatu vitatu vimeshikana vikafunga kiduara, na hicho ni kidogo sana, kwani madini ya duara ambayo watu wameyazoea, kama zumaridi na turmalini, viduara vyao ni vya sita sita. Ndo maana kwenye mpangilio wa Strunz, ule wa kupanga madini yote kwa makundi, utaikuta kwenye 9.CA, 9 ni silikati, C ni za duara, A ni viduara vya tatu.

Mwenzako sasa. Hivyo viduara havigusani, kinachovishikilia visisambae ni titani na bariamu, kila titani imezungukwa na oksijeni sita na bariamu vile vile sita. Ukihesabu titani kama sehemu ya jengo unaona kitu kimoja kilichoshikana huku na huku, na wapo wanaopenda kuisoma hivyo. Sio ujinga. Ila kwenye mtihani andika silikati ya duara ulale salama.

Na kuna kitu kitabu chako pengine kimekipitia haraka wakati ndo utamu wenyewe. Mwaka 1830 mtaalamu wa madini Johann Hessel alipiga hesabu akaonyesha ulinganifu wa fuwele unaweza kuwa wa madaraja 32 tu, hakuna la 33. Shida ikawa kuna daraja moja la mfumo wa pembe sita, linaitwa ditrigonali dipiramidi, ambalo kwenye karatasi lipo lakini fuwele ya asili ya kulionyesha bila ubishi haikuwepo. Miaka zaidi ya 70 daraja liko wazi, halafu inatokea benitoiti kutoka mlimani, fuwele zake pembetatu kabisa hata kwa macho, ikaingia pale pale. Nikisikia mtu anasema jiwe hili ni maarufu kwa sababu ya rangi huwa nanyamaza tu.

SWALI: Mtaalamu, kuna mtu ananiambia benitoiti ni jina la kibiashara tu la safaya. Kweli? Na nitazitofautishaje bila kuipasua?

JIBU: Sio kweli hata kidogo, ingawa hata waliolivumbua walianza na kosa hilo hilo. Ilikuwa 1907, kaunti ya San Benito huko California, karibu na chimbuko la mto San Benito, mtafutaji madini aitwaye James Couch akakutana na fuwele za bluu na zikadhaniwa ni safaya, yaani yakuti samawi. Zikafika kwa George Louderback wa Chuo Kikuu cha California, yeye akaona hii ni kitu kipya kabisa, akaipa jina la kule ilikotoka mwaka huo huo. Safaya ni oksaidi ya aluminiamu, haina silikoni, haina bariamu, hata udugu wa mbali hawana.

Kwa nini walidanganyika? Rangi kwanza, halafu kipimo cha kupinda mwanga. Safaya inacheza kwenye 1.76 hadi 1.77, benitoiti inaanza 1.757, kwa hiyo ukisoma ule upande wa chini tu na ukawa na haraka zako unaweza kuapa kabisa ni safaya. Tatizo benitoiti haiishii hapo, inapanda mpaka 1.804, yaani mwanga ukiingia unapasuka njia mbili zilizoachana sana. Na hicho ndo kipimo rahisi kuliko vyote: chukua lenzi ya kukuzia, angalia jiwe lililokatwa kupitia uso wa juu mpaka zile kingo za nyuma, ukiona kila kingo imekuwa mbili mbili kama macho yamelewa, hiyo sio safaya. Zungusha jiwe lakini, kuna upande mmoja ambao kingo hazijirudii, usije ukakata tamaa mapema.

Cha pili ni taa ya urujuanimno ya mawimbi mafupi. Zima taa za chumbani, mulika, benitoiti inawaka bluu kali nyeupenyeupe, inang'aa haswa, mpaka watafutaji wanatoka usiku na taa hizo kuisaka kwenye kifusi. Vaa miwani, hiyo taa inaumiza macho. Tatu ni uzito, safaya kwa ujazo ule ule ni mara 4 ya maji, benitoiti ni kama 3.65. Hapo huwa kuna mtu anauliza, si ina bariamu na bariamu ni nzito, mbona inazidiwa na kitu cha aluminiamu? Bariamu ni theluthi moja ya uzito wote wa benitoiti, ni kweli, ila vile viduara na nafasi zake vinakula eneo, wakati atomu za safaya zimebanana hakuna pa kupita.

Kipimo cha ugumu usikijaribu, jiwe litakwaruzika na utalia. Kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa 1 mpaka 10, benitoiti ni 6 mpaka 6.5, safaya ni 9. Ndo maana kwa pete ya kila siku mimi siishauri, hereni au kidani sawa.

Nina kisa kingine kidogo hapa hapa. Safaya wakataji wanapenda kuikata ile bluu ionekane ukitazama kufuata mhimili mkuu wa fuwele. Benitoiti ni kinyume, ukiitazama kufuata mhimili mkuu haina rangi, bluu iko ubavuni. Kwa hiyo mtu akiikata kwa mazoea ya safaya anatoka na kijiwe kimepauka halafu anamlaumu mchimbaji. Na cheche zake za rangi, ile kutawanya mwanga kuwa nyekundu na kijani, zinalingana na za almasi, kipimo kama 0.044, ila kwenye mawe yaliyokolea bluu inazimeza, zinaonekana vizuri kwenye yale yaliyopauka kidogo. Mengi yaliyokatwa hayafiki karati moja, yale makubwa ya kuzidi karati 15 ni ya kuhadithia.

SWALI: Nimesoma bariamu ni sumu. Sasa hilo jiwe watu wanalivaa shingoni?? Nina watoto nyumbani naogopa.

JIBU: Dada tulia, na swali lako ni zuri. Sumu ya bariamu inategemea kama inayeyuka mwilini au haiyeyuki. Karbonati ya bariamu inayeyuka kwenye asidi ya tumbo, hiyo ni sumu kweli na inaua. Salfati ya bariamu haiyeyuki, hiyo hospitali wanakunywesha glasi nzima kabla ya eksirei ya tumbo na unarudi nyumbani salama. Bariamu ni ile ile!

Benitoiti iko upande wa wasioyeyuka, na ushahidi wake uko kwenye namna inavyosafishwa. Kule California fuwele zinakuja zimezikwa kwenye madini meupe yanayoitwa natroliti, mara nyingi pamoja na neptuniti nyeusi ti, na ili kuzitoa watu wanaloweka jiwe zima kwenye asidi ya haidrokloriki. Natroliti inalegea inakuwa kama uji, benitoiti inabaki imekaa inang'aa haijaguswa. Na asidi ya tumboni ni hiyo hiyo haidrokloriki, tena hafifu zaidi. Kwa hiyo kuvaa hakuna neno. Mtoto asiweke mdomoni kwa sababu atakabwa, sio kwa sababu ya bariamu. Anayetakiwa kujihadhari ni mkataji, lile vumbi la kusaga jiwe asilivute, lakini hilo ni kwa mawe karibu yote.

Ila usichukue jibu hili ukalipeleka kwa kila silikati ya bariamu. Kuna nyingine inaitwa gilespiti, nyekundu nzuri sana, ya kwanza ilitoka Alaska, hiyo ukiitia kwenye asidi ile ile bariamu na chuma vinatoka vyote unabaki na ganda la silika. Yenyewe ni ya shuka, asidi inapenya katikati ya mashuka na kusomba vilivyomo.

SWALI: Kwa nini silikati za bariamu ni adimu hivyo wakati bariamu yenyewe inachimbwa kwa wingi? Na benitoiti ina ndugu?

JIBU: Bariamu sio adimu, ila kabla haijafika kwenye silikati yake mwenyewe inakutana na vishawishi viwili njiani. Ikikutana na salfati inaganda papo hapo kuwa bariti, na hiyo ndo inayochimbwa kwa wingi. Isipokutana na salfati inaingia nyumba za potasiamu, manake atomu zao zikishapoteza elektroni zinakaribiana ukubwa, inajificha kwenye feldispa na ulanga bila mtu kujua. Ili ipate jiwe lake inabidi bariamu iwe nyingi na salfati iwe haba mahali pamoja, jambo ambalo halitokei ovyo. Ikizidi sana kwenye feldispa yenyewe unapata selsiani, BaAl2Si2O8, ya kujengana pande zote, jina limetokana na Anders Celsius yule wa kipimajoto.

Ndugu wa damu wa benitoiti ni wawili, ambao wametoa titani wakaweka metali nyingine mahali pake na kila kitu kingine kimebaki vile vile. Pabstiti imeweka bati, nayo ni ya California. Baziriti imeweka zirkoniamu, ilipatikana Rockall, ule mwamba mpweke kaskazini mwa Atlantiki. Halafu kuna fresnoiti, ambayo ina elementi zile zile tatu, bariamu, titani na silikoni, na watu wanaichanganya na benitoiti kila siku, lakini vipiramidi vyake ni mapacha, sio duara, kwa hiyo ni kundi lingine kabisa. Sanborniti, BaSi2O5, wewe mwenyewe sasa hesabu: 2 kwa 5, shuka.

Anayenifurahisha mimi ni efenbergeriti, BaCuSi4O10, shuka kama gilespiti ila chuma kimetoka imeingia shaba, basi ikawa bluu. Ilitambuliwa kama madini miaka ya 1990 kutoka mgodi wa Wessels huko Afrika Kusini. Lakini Wachina wa kale walishaipika wenyewe kwenye tanuri zaidi ya miaka 2,000 nyuma wakaitumia kama rangi, ile bluu ya Han, na nduguye wa zambarau, nayo silikati ya bariamu na shaba, imekutwa kwenye wale askari wa udongo wa mfalme Qin Shi Huang. Yaani binadamu alikuwa nayo kwenye brashi karne nyingi kabla mwanajiolojia hajaiokota mgodini.